Kibao Namba Saba

Nina miaka sabini na mbili na nimeona watu wakibembeleza vitu vingi. Nimeona mtu akibembeleza gari, akibembeleza masharubu, akibembeleza mbwa ambaye hata kubweka hajui. Lakini mtu mzima, mwenye mvi zake na wajukuu zake, kukifuta jasho kipande cha ubao mpaka anasahau kujifuta yeye mwenyewe? Hilo nimekuja kuliona uzeeni, kwenye ukumbi wa michezo anakofanya kazi binti yangu.

Mchezo wenyewe unaitwa pikoboli. Usijiumize kichwa. Chukua tenisi, upunguze uwanja mpaka watu wagombane bila kupaza sauti, wavu uushushe, halafu kila mtu umpe kibao cha mpini mfupi, ungedhani cha kukatia vitunguu. Mpira ni wa plastiki, una matundu kama chujio. Basi ndiyo hiyo. Ko, ko, ko, kutwa nzima, kama mafundi wanaopiga paa lisiloisha. Na wakitoka hapo wamelowa, wanaviringisha taulo shingoni na kusema wamechoka. Wamechoka na nini? Mimi nimebeba makabati ghorofa ya nne kwa ngazi.

Lakini sikwenda pale kucheka watu. Nilikwenda kwa ajili ya binti yangu. Yeye ndiye wa kaunta. Anaandika nani anacheza saa ngapi, anaazimisha vibao kumi na viwili vya klabu kwa wasio na vyao, na anavitunza. Kiti kile hakukipata kwa bahati. Alipiga deki ukumbi ule miaka sita, magoti yakamvimba kama maboga, ndipo wakamkumbuka. Siku ya kwanza alikaa kwenye kile kiti, mto alinunua mwenyewe, akarudi nyumbani akaniambia, "Baba, leo nimeona nyuso za watu. Miaka yote nilikuwa naona viatu tu."

Neno hilo lilinikaa.

Nikawa namsindikiza, maana mzee ukikaa nyumbani peke yako unaanza kusemezana na sufuria. Nakaa nyuma ya kaunta kwenye stuli, napewa vibao nivifute. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Ngoja nikwambie kazi yangu kwanza, la sivyo utaniona mjinga bure. Mimi ni fundi wa vanishi. Shule niliishia darasa la tatu, mwalimu alipogundua kwamba nakwangua dawati badala ya kuandika juu yake. Miaka arobaini na mitano nimesugua meza na makabati ya watu. Kwa fundi wa vanishi mkwaruzo ni aibu. Ukipitisha kiganja juu ya meza yangu na kiganja kikasita mahali, mimi siku hiyo silali. Sasa nipe kibao cha hawa watu. Nikapitisha kiganja, kinakwaruza! Uso mzima kama kidevu cha mtu asiyenyoa siku tatu. Nikasema, masikini, hawa watu wana fedha lakini hawana fundi. Binti yangu alikuwa ametoka. Nikatoa msasa mfukoni, maana mimi msasa hautoki mfukoni, nikakisugua kibao namba saba mpaka kikawa laini kama shavu la mtoto. Kesho yake nikaja na kopo langu. Nikapaka vanishi, nikaacha ikauke, nikapaka tena, mara tatu. Kikang'aa, ungeweza kunyolea ndevu.

Binti yangu alipokiona alikaa chini sakafuni.

"Baba. Baba yangu mzazi. Umefanya nini?"

"Nimekitengeneza."

"Umekiua! Ule mkwaruzo ndio kazi yake. Ndio unaoushika mpira uzunguke. Sasa hiki mpira utateleza kama sabuni."

Basi, akakificha chini ya kaunta, akaandika kwenye daftari kwamba kimevunjika. Akanifundisha. Kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kisidondoshe tone. Halafu kuna kipande cha raba cha rangi ya kahawia, unakipitisha usoni polepole kinakula yale mabaki ya plastiki ya mpira, kama mwalimu anavyofuta ubao. Unafuta tena kwa kitambaa kikavu. Mpini ukilowa jasho unabadilisha utepe wake. Yamekwisha. Hakuna sabuni wala mafuta, na hakuna msasa, aliniangalia kwa jicho kali aliposema hilo. Lakini siri haikai ukumbini pale. Mtu alichungulia chini ya kaunta, na kuanzia hapo nikawa "Babu Vanishi". Wakinipita wanafunika vibao vyao kwa mikono, wanacheka. Nami nawacheka. Ngoma droo.

Sasa katika hao kulikuwa na mmoja, sisi tulimwita Mheshimiwa Taulo. Si mheshimiwa wa chochote, ni sauti tu ilikuwa nene. Taulo jeupe shingoni, hata siku asizocheza. Alikuja na begi lenye mifuko kumi na minne, nimeihesabu, na katika kila mfuko kuna kichupa, kibrashi, kitambaa cha kufutia kitambaa. Kibao chake kilikuwa cha bei mbaya, na hakichoki kukwambia. Si kibao, yeye ndiye hachoki.

"Mzee, tafadhali usikiguse kwa mikono hiyo. Hii ni kaboni."

"Kaboni ndiyo nini, mwanangu?"

"Ni ile... ile ya kwenye ndege."

"Aa. Mimi nilidhani ni masizi."

Watu wakacheka. Hakupenda. Mtu wa namna ile ukimcheka leo anakuwekea kinyongo mpaka mwakani.

Alhamisi moja akaja, mpini umemlegea utepe. Akakitua kibao kaunta kwa vidole viwili, kama anamlaza mgonjwa. Akamwambia binti yangu, "Nifungie utepe mpya. Nitakichukua Jumamosi. Na usimpe yule." Yule ni mimi, nimekaa hapo hapo, sijafa.

Binti alikuwa na foleni ya watu. Akanitupia jicho, nikaelewa. Nikafunga utepe vizuri, nikakifuta uso kwa raba na kitambaa, kama nilivyofundishwa. Sikupaka kitu. Naapa kwa mikono yangu hii miwili iliyonilisha.

Lakini nilikigonga. Hapo nisikilize vizuri. Makabati mengi niliyoyafanyia kazi si mbao moja. Ni mbao ya kawaida, juu yake imebandikwa ngozi ya mbao nzuri, nyembamba kama ganda la kitunguu. Gundi ikiachia ndani, macho hayaoni kitu, kabati linang'aa tu. Lakini ukipita na ukucha, tk, tk, tk, ukifika palipoachia linakujibu vingine: tp. Kama mtu anayekuitikia mdomo umejaa ugali. Na hivi vibao ni hivyo hivyo: katikati kuna kitu kama sega la nyuki, juu na chini imebandikwa ngozi. Nikapita na ukucha kwa mazoea tu. Tk, tk, tk. Tp. Tp. Upande mmoja wote, kuanzia chini ya ukingo mpaka karibu na katikati, umeachia.

Ningemwambia binti yangu. Ningemwita hata yeye Taulo mwenyewe nikamwambia, bwana, kibao chako kinaumwa. Sikusema. Nikasema moyoni, si kaboni ya kwenye ndege? Na iruke. Nikakirudisha kaunta, nikaendelea kunywa chai yangu kwa raha zangu zote.

Jumamosi asubuhi alikuja, akacheza mchezo mmoja. Hata nusu saa haikufika, akarudi mbio, kibao mkononi, taulo limepinda.

"Kimekufa! Mpira unadondoka kama embe bovu! Nani amekigusa?"

Hata ile ko, ko, ko ikakatika.

"Nani? Ni yule mzee wa vanishi, sivyo? Sema!"

Na binti yangu, akiwa amekaa kwenye mto wake, akasema, "Ni mimi. Nilikifuta mimi."

"Basi wewe ndiye. Kamati ikutane kesho. Mimi siwezi kuacha kitu changu kwa watu wasiojua tofauti ya kibao na kigoda. Rudi kwenye deki yako, huko ulikuwa unaweza."

Akasema vile. Mbele ya watu. Binti yangu akaandika kitu kwenye daftari, na hakukuwa na cha kuandika.

Tulirudi nyumbani. Akaweka maji ya chai, akasimama anayaangalia kana kwamba yatachemka kwa kuangaliwa.

"Mama," nikamwambia, mimi binti yangu huwa namwita mama, "kwa nini ulisema ni wewe?"

"Ningesema ni wewe wangekufukuza usikanyage tena pale. Kule ndiko unakocheka, baba. Hapa nyumbani huchekagi." Halafu akageuka. "Sasa tuko wawili. Niambie kweli. Ulikipaka nini?"

Nilihisi kama amenipiga na ubao.

"Sikukipaka kitu."

"Baba."

"Sikukipaka!"

"Hata namba saba ulisema umekitengeneza."

Sasa hapo ungejibu nini? Mtu ukishaiba kuku mmoja, wa pili akipotea hata ukiwa hospitali ni wewe. Lakini nilichokuwa nakimeza hakikuwa hicho. Nilikuwa najua ugonjwa wa kile kibao tangu Alhamisi. Nilinyamaza kwa dharau zangu, na sasa binti yangu anarudishwa kwenye magoti yake. Wa kulaumiwa ni mimi na mdomo wangu, ambao siku zote unasema panapotakiwa kunyamaza, na siku ile ukanyamaza panapotakiwa kusema.

Nikamweleza ule mlio. Akanisikiliza, akamimina chai, akasema, "Sawa, baba." Ile sawa ya mtu asiyeamini. Niliijua, mama yake alikuwa nayo.

Jumapili alasiri tukakusanyika kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi, kinachonuka raba na soksi. Mwenyekiti wa klabu ni daktari wa meno aliyestaafu, mtu mpole, mikono misafi mpaka inatia wasiwasi. Pembeni yake wajumbe wawili waliokuja kwa ajili ya biskuti. Mheshimiwa Taulo alisimama, akaongea kama anahutubia uwanja. Alitumia maneno "viwango" na "uwajibikaji" mara nyingi. Debe tupu.

Mwenyekiti akamgeukia binti yangu. "Una la kusema?"

Nikasimama mimi.

"Mwenyekiti, kibao nilikifuta mimi. Mwanangu alinifichia. Na nilikigonga Alhamisi, nikasikia kimeshaachia ndani. Nikanyamaza, kwa sababu mwenyewe hanipendi nami simpendi. Hilo ndilo kosa langu. Kama kuna wa kuadhibiwa, niadhibuni mimi na ulimi wangu."

"Ulisikia?" Taulo akacheka. "Ameona haitoshi vanishi, sasa anapiga ramli!"

"Nilisikia kwa ukucha."

"Mzee umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu. Na nusu, ukihesabu ile siku niliyofukuzwa."

Wajumbe wa biskuti wakacheka. Lakini mwenyekiti hakucheka. Akaniangalia vidole.

"Mimi nimegonga meno miaka thelathini," akasema taratibu. "Jino bovu ndani na jino zima hayaitiki sawa. Mzee, geuka ukutani."

Nikageuka. Nikasikia binti yangu anatoka, anarudi na vibao, vinagongana kwenye kikapu. Mwenyekiti akavichanganya, akachanganya na vingine, sikujua vya nani. Akawa ananipa kimoja kimoja kwa nyuma, kama mtu anayelipa hongo. Mimi macho ukutani, kwenye tangazo la kukataza kuvaa viatu vya matope.

Tk, tk, tk. "Kizima." Tk, tk. "Kizima." Cha tatu, "Kizima, lakini utepe wa ukingo umelegea, unalia pembeni." Mtu akasema, "Kweli, huu hapa." Cha nne kizima. Cha tano nikagonga mara moja nikacheka mwenyewe.

"Hiki kinalia kama meza ya sebuleni. Hiki ni namba saba. Nilikiua mimi, na simsingizii mtu."

Kumbe binti yangu hakukitupa. Alikitoa chini ya kaunta akakichanganya humo makusudi, asijue kama baba yake atakikana.

Cha sita. Tk, tk, tk, tk... tp. Nikarudia. Tp.

"Hiki kinaumwa. Bado hakijafa. Kona ya juu kulia, pameachia padogo kama sarafu. Mwenyewe anakiweka mahali pa joto."

Nikangoja. Nikadhani nimekosea, nikainua ukucha nigonge tena.

"Hiki ni changu," mwenyekiti akasema. "Kinakaa kwenye buti ya gari. Wiki nzima."

Akanipa cha saba, na hicho hata sikumaliza kukigonga. "Na huyu ndiye marehemu."

"Geuka, mzee," mwenyekiti akasema.

Nikageuka. Taulo alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Lakini mtu wa namna ile hakubali kuzama, anatafuta maji ya kina zaidi.

"Sawa, kimeachia ndani! Nani amekiachisha? Mimi? Hakuna mtu katika klabu hii anayekitunza kibao kama ninavyotunza mimi! Hakuna!"

Hapo nikaona mlango umefunguliwa, nikaingia taratibu, kwa adabu zote.

"Hilo ni kweli, mheshimiwa," nikamwambia. "Hata mimi nasema hivyo hivyo kwa watu. Hebu waeleze wanakamati wajifunze. Ukimaliza mchezo unakifanyaje?"

Akavuta kifua. Masikini, akavuta kifua.

"Kwanza, kila siku, sikosi hata siku moja, nakiosha. Si kufuta futa na kijitambaa kama nyinyi. Nakiosha! Beseni la maji ya moto, sabuni ya vyombo, nakizamisha chote, robo saa, uchafu uachie."

"Uachie," nikasema.

"Halafu nakisugua na brashi. Halafu nakianika juu ya boneti ya gari, jua la saa saba, mpaka kikauke hadi ndani. Hadi ndani! Kila upande saa nzima. Nani mwingine hapa anafanya hivyo?"

Mjumbe mmoja akaiweka biskuti chini.

"Hakuna," mwenyekiti akasema. "Hakuna mwingine, nakuhakikishia."

Naona hata sasa anavyotuangalia mmoja mmoja, anangoja tumsifu. Mtu anamchemsha kuku, anamkausha juani, halafu analalamika hatagi. Gundi, wewe bwana, haijali una begi la mifuko mingapi. Maji ya moto yakiingia kwenye ukingo, na jua likafuata, inaachia, iwe kabati la bibi yako au kitu cha kwenye ndege. Nilimweleza hivyo. Sikumtukana. Nilitamani, lakini sikumtukana. Binti yangu alikuwa ananiangalia.

Mwenyekiti akafunga kikao kwa maneno machache. Dada wa kaunta anabaki kaunta. Mheshimiwa atamwomba radhi. Mheshimiwa akasema "samahani" akiwa anaangalia zipu ya begi, nadhani zipu ilimsamehe. Akatoka. Taulo lake akalisahau juu ya kiti. Binti yangu akalitumia kufutia vibao, ni kitambaa kizuri kwa kweli, hakiachi nyuzi.

Njiani kurudi nyumbani alinishika mkono, kitu ambacho hajakifanya tangu akiwa mdogo wa kuvushwa barabara.

"Baba, nisamehe. Nilidhani..."

"Ulidhani sawa. Namba saba ni nani alikiua?"

"Lakini siku nyingine ukisikia kitu, niambie. Hata kama ni cha mtu mbaya."

"Nitakwambia."

"Hata kama ni cha Taulo?"

Nikatembea hatua nne tano. "Cha Taulo nitakwambia polepole."

Siku hizi napewa kazi. Kila Jumatatu asubuhi watu wanapanga foleni na vibao vyao, hao hao waliokuwa wanavifunika kwa mikono, nami nagonga. Babu Vanishi nigongee, Babu Vanishi nisikilizie. Nawauliza, unakiweka wapi? Kwenye gari. Unakifuta na nini? Dawa ya vioo. Watu wenye vyeti ukutani, Mungu wangu. Nawaambia: kitambaa chenye unyevu, raba, kitambaa kikavu, kivulini, basi. Wanaandika kwenye simu. Kitu ambacho mtoto angekishika kwa kusikia mara moja, wao wanaandika.

Na namba saba kipo. Nilimwambia binti yangu akitupe, kinanitia aibu. Akakataa. Amekiweka juu ya kaunta, ndiyo sinia yake ya kikombe. Chai ya moto kila asubuhi, inamwagika na kufutwa tangu mwezi wa tatu, na ukiinua kikombe hukuti hata alama ya duara.

Nenda kaangalie meza yako nyumbani kama inaweza hivyo.